Ubalozi wa Nchi Yako Ukiwa Safarini: Namna ya Kuupata na Mambo Unayoweza Kusaidiwa

 

Sisi watu wa visiwani ni watu wa safari. Hakuna mtaa wa Unguja au Pemba usio na mtu wake Muscat, Dubai, Jeddah au London. Wapo waliokwenda kutafuta riziki, wapo waliokwenda kusoma, wapo waliopeleka mgonjwa India, na kila mwaka wapo wanaokwenda Hijja na Umra. Familia humwandaa msafiri kwa nguo, chakula na dua. Lakini ukimuuliza baba au mama aliyebaki nyumbani, "Mwanao akipatwa na jambo kule, utampigia nani?", wengi hawana jawabu.

Kutafuta jawabu hilo mapema hakupunguzi kumtegemea Allaah. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alimfundisha yule aliyemuuliza kuhusu ngamia wake kwamba amfunge kwanza kisha ategemee. Makala hii inaeleza namna ya kumfunga ngamia kwa msafiri wa leo: kuujua ubalozi wake kabla hajaondoka, kwa sababu siku ya shida si siku nzuri ya kuanza kuutafuta.

1. UBALOZI, KONSELI KUU NA KONSELI WA HESHIMA

Ubalozi huwa katika mji mkuu wa nchi, nao huiwakilisha serikali yetu mbele ya serikali ya huko. Ndani yake mna kitengo kinachoshughulikia raia, yaani paspoti, vyeti, waliofungwa na waliofariki. Hicho ndicho unachokihitaji.

Konseli Kuu, au ubalozi mdogo, ni ofisi iliyo katika mji mwingine wa nchi hiyo hiyo wenye raia wengi au biashara nyingi. Kazi yake kubwa ni hiyo ya kuhudumia raia.

Konseli wa heshima ni mtu aliyepewa jukumu hilo huku akiendelea na shughuli zake binafsi, na mara nyingi ni mfanyabiashara au wakili. Anaweza kukuunganisha na ubalozi na kukuelekeza, lakini kwa kawaida hatoi paspoti.

Jambo hili si geni kwetu. Bandari ya Unguja ilikuwa na konseli wa Marekani tangu 1837 na wa Uingereza tangu 1841, katika zama za Sayyid Said bin Sultan. Walikuja kuwaangalia watu wao na biashara zao, na ndiyo kazi ya konseli hadi leo.

2. USICHANGANYE BALOZI MBILI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuna ubalozi unaouendea kabla ya safari, nao ni wa nchi unayokwenda, kwa ajili ya viza. Na kuna ubalozi unaouendea baada ya kufika, nao ni wa nchi yako. Oman, India na China zina ofisi zao za konseli hapa Unguja. Ofisi hizo ni za nchi hizo. Mtu wetu akikwama Muscat, konseli ya Oman ya hapa si mlango wa kugonga. Mlango wake ni Ubalozi wa Tanzania ulioko Muscat.

Pia ubalozi wako hufuata paspoti uliyoingilia katika nchi hiyo, wala haufuati kabila wala asili. Ami aliyezaliwa Wete lakini anasafiri kwa paspoti ya Oman au ya Uingereza, ubalozi wake ni wa Oman au wa Uingereza. Familia zenye watu wa uraia mbalimbali zinaposafiri pamoja, kila mmoja aandikiwe wa kwake.

3. OFISI ZA TANZANIA KATIKA NCHI WANAZOKWENDA WATU WETU

– Oman: Ubalozi, Muscat.
– Saudi Arabia: Ubalozi, Riyadh.
– Falme za Kiarabu: Ubalozi, Abu Dhabi, na Konseli Kuu, Dubai.
– Qatar: Ubalozi, Doha.
– Kuwait: Ubalozi, mji wa Kuwait.
– Misri: Ubalozi, Cairo.
– Uturuki: Ubalozi, Ankara.
– India: Ubalozi, New Delhi.
– Malaysia: Ubalozi, Kuala Lumpur.
– China: Ubalozi, Beijing, na Konseli Kuu, Guangzhou.
– Kenya: Ubalozi, Nairobi, na ofisi ya konseli, Mombasa.
– Komoro: Ubalozi, Moroni.
– Uingereza: Ubalozi, London.
– Sweden: Ubalozi, Stockholm.

Si kila nchi ina ubalozi wetu. Zipo nchi zinazohudumiwa na ubalozi wa nchi jirani. Ndugu zetu walioko Denmark na Norway, kwa mfano, hushughulikiwa na Ubalozi wa Stockholm. Kwa hivyo ukiona nchi unayokwenda haimo katika orodha, usiseme hakuna wa kukusaidia. Uliza ni ubalozi upi unaoisimamia.

Angalia pia umbali. Mgonjwa aliyeko Chennai yuko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka New Delhi, na aliyeko Salalah yuko kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Muscat. Watu hawa shughuli zao nyingi zitaanza kwa simu na barua pepe, kwa hivyo namba sahihi ina thamani kwao kuliko ramani.

4. NAMNA YA KUPATA ANUANI YA KWELI

Anza na tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, foreign.go.tz, ambako kuna orodha ya balozi zote. Tovuti za balozi zenyewe huishia na tzembassy.go.tz. Herufi hizo za mwisho, .go.tz, ndizo alama ya serikali ya Tanzania. Kuna kurasa nyingi za watu binafsi zinazoorodhesha balozi za dunia nzima, baadhi yake zina namba zilizokwisha kufa, na nyingine zimewekwa na matapeli wanaotaka "ada ya huduma". Ukiombwa pesa kwa simu na mtu anayejiita ofisa wa ubalozi, kata, kisha piga mwenyewe namba iliyo katika tovuti ya serikali.

Asiyekuwa na intaneti aulize Afisi ya Wizara hiyo iliyoko Zanzibar, au Idara ya Uhamiaji wakati anapochukua paspoti yake.

Ukishaipata namba, ipige kabla ya safari kuhakikisha inapokelewa. Iandike ikiwa na alama za nchi mbele: Oman ni +968, Saudi Arabia +966, Falme za Kiarabu +971, India +91, Uturuki +90, Uingereza +44. Uliza kama wana namba ya dharura ya usiku, na kama inapokea ujumbe wa WhatsApp.

5. SIKU NA SAA ZA KAZI

Ubalozi mara nyingi hufuata siku za kazi za nchi uliopo. Oman, Saudi Arabia, Qatar na Kuwait hupumzika Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ni siku ya kazi. Falme za Kiarabu tangu 2022 serikali yao hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa hufanya kazi nusu siku. Kumbuka pia kwamba balozi hufunga kwa sikukuu za huko, na huenda zikafunga kwa sikukuu zetu za taifa kama 12 Januari, 26 Aprili na 9 Disemba.

Saa za Riyadh na Ankara ni sawa na zetu. Muscat na Dubai wametutangulia saa moja, India saa mbili na nusu, na China saa tano. Na ukiambiwa miadi ni 9:00 asubuhi, hiyo ni saa tatu yetu, si saa tisa.

Jambo la hatari ya papo hapo, kama kupigwa, moto au ajali, lisisubiri ubalozi. Piga polisi au huduma ya dharura ya nchi hiyo kwanza: Oman 9999, Falme za Kiarabu 999, Makka 911, India 112, Uturuki 112, Uingereza 999. Ubalozi upigiwe baada ya hapo.

6. WANALOWEZA NA WASILOWEZA

Kazi za konseli zimewekwa na Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli. Wanaweza kutoa hati ya dharura ya kusafiria, kumtembelea aliyefungwa, kukupa majina ya mawakili, kuijulisha familia, kusaidia nyaraka za maiti, kuthibitisha vyeti, na kuzungumza na wizara ya kazi ya huko kuhusu mfanyakazi aliyedhulumiwa.

Hawawezi kukutoa gerezani, kuvunja hukumu ya mahakama, wala kuwa mawakili wako kesini. Si wajibu wao kukulipia faini, hospitali au tiketi. Na ile kauli kwamba "ubalozi ni ardhi ya nchi yako" si sahihi. Jengo lile lina kinga, na polisi wa huko hawaingii bila ruhusa, lakini ardhi ni ya nchi mwenyeji na sheria zake zinakuhusu. Mwenye kujua mipaka hii hatavunjika moyo bure, wala hatapoteza muda kuomba lisilowezekana huku akiacha kuomba lililo haki yake.

7. PASPOTI IKIPOTEA

Kwanza nenda polisi, upate karatasi ya taarifa ya kupotea. Pili peleka karatasi hiyo ubalozini pamoja na picha, kopi ya paspoti na kitambulisho chako, kiwe cha Mzanzibari Mkaazi au cha Taifa, au cheti cha kuzaliwa. Mwenye kopi kazi yake huwa nyepesi. Asiyekuwa nayo hulazimika kuthibitisha kwanza kuwa yeye ni nani, na hapo hutegemea familia itume vyeti kutoka nyumbani. Tatu, ukishapewa hati ya dharura, usikimbilie uwanja wa ndege. Viza au ukaazi wako ulikuwa katika paspoti iliyopotea, na mara nyingi utahitaji uhamiaji wa nchi hiyo wakupe ruhusa ya kutoka. Uliza ubalozini hatua hiyo inafanywa wapi.

8. UKIKAMATWA

Mkataba wa Vienna, kifungu cha 36, unampa kila mgeni aliyekamatwa haki ya kutaka konseli wa nchi yake ajulishwe bila kuchelewa, na maofisa wanatakiwa kumwambia kuwa ana haki hiyo. Lakini zingatia: ni wewe wa kuomba. Usiponena, inawezekana ubalozi usijue kabisa kuwa upo ndani. Kila msafiri wa nchi za Kiarabu ahifadhi maneno haya: "Uridu an attasila bi-safarati Tanzania", yaani, nataka kuwasiliana na ubalozi wa Tanzania. Safara ni ubalozi, qunsuliyya ni konseli. Wala usitie saini karatasi usiyoifahamu. Omba mkalimani.

Na familia ikipata habari kuwa mtu wao kakamatwa, nayo inaweza kuujulisha ubalozi moja kwa moja. Taja jina kama lilivyo katika paspoti, namba ya paspoti, mji, na siku aliyokamatwa.

9. DADA ZETU WANAOFANYA KAZI MAJUMBANI

Hili ndilo zito kuliko yote. Sheria za nchi nyingi za Ghuba zinamkataza mwajiri kuishikilia paspoti ya mfanyakazi, na hata hivyo jambo hili hutokea. Binti asiye na paspoti wala simu hana namna ya kuitafuta namba akiwa ndani ya nyumba ya watu. Kwa hivyo aihifadhi kwa moyo kabla hajaondoka, kama alivyohifadhi Suratul Faatiha.

Ajue pia kwamba akitoka nyumbani kwa mwajiri bila taratibu, mwajiri anaweza kumripoti kuwa ametoroka, na hapo aliyedhulumiwa hugeuka mtuhumiwa. Kama maisha yake hayamo hatarini, awasiliane na ubalozi kwanza, apate maelekezo. Kama yamo hatarini, atoke aende polisi au ubalozini, na aeleze mara moja kilichomtoa. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu.

Wazazi nao wasimkabidhi binti yao kwa dalali asiyejulikana. Mkataba uonwe Kamisheni ya Kazi, na kopi yake, yenye jina na anuani ya mwajiri, ibaki nyumbani. Ubalozi hauwezi kugonga mlango usiojulikana uko wapi.

10. MAHUJAJI

Aliyeko Makka yuko zaidi ya kilomita 800 kutoka Riyadh uliko ubalozi. Kwa hivyo mpango wa hujaji ni wa ngazi: kwanza kiongozi wa kikundi chake, pili ujumbe wa Hijja wa nchi, tatu ubalozi. Kiongozi wa kikundi atoe namba zote tatu kabla ya safari, pamoja na ya ofisi yoyote ya Tanzania itakayokuwa karibu na mahujaji mwaka huo. Wazee wetu wavae kitambulisho chenye jina, nchi, kikundi na hoteli hata wanapokwenda msalani. Mzee akipotea Mina, hicho ndicho kitakachomrudisha kwa wenzake.

11. JIANDIKISHE UNAPOFIKA

Mwenye kukaa miezi au miaka ajiandikishe ubalozini. Aprili 2023 vita vilipozuka Khartoum, Watanzania waliokuwepo Sudan, wengi wao wanafunzi, waliondolewa kwa njia ya nchi kavu hadi Ethiopia, kisha wakarudishwa nyumbani kwa ndege. Katika siku kama hizo, hutafutwa kwanza aliyemo katika orodha.

MASWALI NA MAJIBU

Suala: Kaka yetu viza yake imekwisha muda, anaogopa kwenda ubalozini asije akakamatwa. Afanye nini?

Jawabu: Ubalozi wetu si polisi wa nchi ile. Kazi yake ni kumsaidia raia. Aende, au apige simu kwanza, aeleze ukweli. Mara kwa mara nchi hizo hutoa muda wa msamaha kwa waliopitiliza viza, kama zilivyofanya Falme za Kiarabu kuanzia Septemba hadi Disemba 2024, na ubalozi ndio wenye habari na hati za kurudia. Na akumbuke kuwa viza ni ahadi baina yake na nchi iliyomruhusu kuingia, na Muislamu ametakiwa kutimiza ahadi zake. Asiongeze siku juu ya siku.

Suala: Baba yetu amefariki akiwa Oman. Je, ni lazima tumlete Unguja?

Jawabu: Inna lillaahi wa inna ilayhi raaji‘uun. Si lazima. Katika madhehebu ya Imam Shafi‘i, maiti hahamishwi kutoka mji aliofia. Wapo wanavyuoni waliosema kumhamisha ni haramu na wapo waliosema ni karaha, na wakavua aliyefia karibu na Makka, Madina au Baytul Maqdis. Akiwa katika nchi ya Waislamu wanaomuosha, kumkafini na kumsalia, kumzika huko haraka ndiko bora, nanyi mtamsalia sala ya ghaibu hapa. Ulijulisheni ubalozi hivyo mapema na kwa maandishi, ili maiti asikae akisubiri kauli ya familia.

Ubalozi pia mtauhitaji kwa cheti cha kifo. Kihakikisheni kuwa kimethibitishwa na kimefasiriwa, kwani kitatakiwa katika shughuli za mirathi. Na mama yenu, eda yake inahesabiwa tangu siku ya kifo, si siku habari ilipofika, kwa hivyo tarehe hiyo ni muhimu kwake. Wallaahu a‘lam.

Suala: Muscat Waswahili ni wengi, na jamaa zetu wapo. Kuna haja gani ya ubalozi?

Jawabu: Jamaa ni neema kubwa, na mara nyingi ndio watakaofika mwanzo. Lakini jamaa hawezi kutoa hati ya kusafiria, na hana haki katika mkataba ya kumtembelea mfungwa. Mwenye vyote viwili yuko salama zaidi.

KARATASI YA KUACHA NYUMBANI

Kabla ya safari, andikeni karatasi mbili zilizo sawa. Moja akae nayo msafiri mbali na paspoti yake, na nyingine ibaki kwa mzee wa familia:

– Jina kamili kama lilivyo katika paspoti, namba yake na siku inayomalizika.
– Kopi ya ukurasa wa picha, viza na tiketi.
– Anuani ya atakakofikia, na jina na simu ya mwajiri, chuo, hospitali au kikundi.
– Simu, barua pepe na anuani ya ubalozi, pamoja na namba ya dharura.
– Jina la jamaa mmoja wa huko anayeaminika.
– Aina ya damu, maradhi na dawa anazotumia.
– Wasia wake, pamoja na madeni anayodai na anayodaiwa. Huu ni wajibu wetu hata tusiposafiri.

Kuiandika hakuzidi nusu saa. Fanyeni hivyo usiku ule wa kufunga mizigo, kisha muageni mtu wenu kwa dua ya safari.

Tunamuomba Allaah Awahifadhi wasafiri wetu baharini, angani na nchi kavu, Awafariji walio katika dhiki ugenini, Awarehemu waliofia huko, na Awarudishe wote kwa ahli zao wakiwa salama. Aamiin.